Kabla Hujafungua Daftari: Namna ya Kuihudumia Nyumba Yenye Mjamzito

Ukipiga hodi kwenye nyumba yenye mjamzito vijijini kwetu Dodoma, mara nyingi anayekuitikia si mjamzito. Ni bibi aliyekaa kwenye kigoda anachambua mlenda, au mama mkwe anayepepeta uwele. Mjamzito mwenyewe yuko kisimani, au yuko ndani anakusikiliza tu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilikuwa nampita bibi kwa shikamoo ya haraka na kuuliza, "Mama mjamzito yupo?" Nilipewa kigoda, nikafundisha dalili zote za hatari, kila mtu akaitikia kwa kichwa. Siku uchungu ulipoanza hakuna hata moja lililofuatwa, kwa sababu yule niliyemfundisha ndiye pekee pale nyumbani asiyekuwa na sauti ya kusema "twendeni".

Haya nawaandikia wahudumu wa afya ngazi ya jamii, WAJA kama tunavyoitana, wanaoanza kazi Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Chemba, Kondoa au pembezoni mwa Jiji. Mafunzo uliyopewa yabaki kama yalivyo. Hapa nazungumzia namna ya kuyafikisha ndani ya nyumba ambayo ina wenyewe.

Hatua ya 1: Kaa na bibi kwanza

Salimia kwa kufuata umri, hata kama aliyekuita ni kijana. Kwa Wagogo, "Mbukwenyi" ya mtu asiyejua neno lingine la Kigogo huwachekesha na kulegeza nyuso, na hiyo inatosha kuanzia. Ila usiingie nayo kila mlango. Kondoa utakuta Warangi, Chemba wapo Wasandawe na Waburunge, Wakaguru wako Mpwapwa na Kongwa, na mjini tangu Serikali ihamie kuna watu wa kila mkoa. Muulize mwenyekiti wa kitongoji kabla hujaenda.

Ukishakaa, uliza swali moja, kisha nyamaza: "Bibi, mzazi hapa nyumbani huwa mnamtunzaje?"

Utasikia mengi: chakula anachopewa, anachokatazwa, nani anamkanda, nani anamwogesha mtoto, dawa gani inachemshwa na inatoka wapi. Usiandike. Daftari likifunguka mapema, bibi ataanza kukujibu yale anayojua unataka kuyasikia, na hapo umeshampoteza. Mimi huandika nikishafika njiani, chini ya mbuyu.

Wakati unasikiliza, jiulize kwa kila jambo: hili linaweza kuua au kulemaza? Kama haliwezi, liache. Uzi mweusi kiunoni mwa mtoto uache, mradi haujabana na haujafungwa shingoni. Kondo la nyuma wanataka kulizika nyumbani kwa utaratibu wao? Waambie wamwombe mkunga mapema. Mzazi kutotoka nje, kutopika, kutobeba ndoo kwa siku arobaini? Hilo lisifie kwa sauti, tena mbele ya mume. Ukiwa na heshima ya kuacha kumi yasiyo na madhara, utasikilizwa utakapokataa moja. Nimewaona wenzangu wanaoingia wakipinga kila kitu kuanzia hirizi hadi uji, na nimeona jinsi watoto wanavyotumwa mlangoni kusema mama hayupo.

Hatua ya 2: Hesabu mimba kwa majira, si kwa kalenda

"Mara ya mwisho kuona siku zako ilikuwa tarehe ngapi?" ni swali litakalokupa jibu la uongo la heshima. Uliza mlikuwa mnafanya nini shambani. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, karibu Desemba hadi Aprili, na kila kazi ina wakati wake: kupanda, palizi, kuamia ndege kwenye uwele, kuvuna. Ongeza alama nyingine ambazo kila mtu anazo, kama Krismasi, Ramadhani, au Nane Nane ya Nzuguni. Mama asiyekumbuka tarehe atakumbuka kwamba alikuwa na siku zake wakati wenzake wanapanda lori kwenda Nane Nane.

Ukipata siku hiyo, ongeza siku 7 na miezi 9. Aliyeona hedhi ya mwisho kuanzia tarehe 8 Agosti anatarajiwa kujifungua karibu tarehe 15 Mei, mvua zimeisha na barabara zinapitika. Aliyeiona tarehe 10 Mei, wakati wa mavuno, anatarajiwa tarehe 17 Februari. Februari makorongo yanashuka na maji, bodaboda haivuki, na chakula ghalani kimepungua. Hawa wawili wana mimba ya kawaida, lakini maandalizi yao hayafanani hata kidogo. Nyumba zenye tarehe za Januari hadi Machi zizungushie duara jekundu.

Hatua ya 3: Mpeleke kliniki mapema bila kumtangaza

Mwongozo wa sasa wa wizara unataka mahudhurio yasiyopungua manane, la kwanza kabla ya wiki 12. Huku kwetu mimba ya wiki 12 bado ni siri. Inafichwa kwa hofu ya jicho la watu na ya wenye nia mbaya, na mwanamke aliyewahi kuharibikiwa na mimba ataificha zaidi. Kumwambia hofu yake ni ushirikina hakumsogezi hata hatua moja kuelekea zahanati.

Linda siri yake badala ya kuibishia. Asiende siku ya kliniki ya wajawazito ambayo kijiji kizima kinaijua. Zungumza na muuguzi ili mjamzito aje siku nyingine, aonekane kama mgonjwa mwingine yeyote. Kadi ikae kwako au kwa bibi kama hataki ionekane kwenye mfuko. Usimuulize habari za mimba mnapokutana kisimani. Na usiwe na daftari ambalo kila anayekufungulia mlango anaweza kusoma jina la jirani yake kwenye ukurasa wa juu. Nililifunika langu kwa gazeti na kuanza kuandika namba ya nyumba badala ya jina.

Umweleze kinachofanyika huko ili asishtuke: kupimwa damu, shinikizo, mkojo, virusi vya UKIMWI na kaswende, kupewa vidonge vya kuongeza damu, sindano ya pepopunda, chandarua, na baadaye dawa ya kuzuia malaria.

Kuhusu kwenda na mwenza. Ni jambo zuri, na vituo vingi huwahudumia kwanza waliokuja na waume zao. Lakini kuna kituo kimoja, sitakitaja, ambako mama niliyemsindikiza mwenyewe alirudishwa kwa sababu amekuja peke yake. Mumewe alikuwa na ng'ombe malishoni, mwendo wa siku mbili. Alirudi nyumbani, na mara ya pili hakwenda tena hadi mimba ilipofika mwezi wa saba. Kwa hiyo sasa kwa kila mjamzito ambaye mume hayupo, au hana mume kabisa, namtafutia barua ya mtendaji wa kijiji mapema na naipiga picha kwenye simu. Si haki mwanamke abebe karatasi kuthibitisha kwamba yuko peke yake, ila kurudishwa mlangoni ni kubaya zaidi.

Hatua ya 4: Chungu kilichopo jikoni

Usije na orodha ya samaki na parachichi. Ugali wa uwele au mtama, mlenda, kunde, choroko, karanga, na ubuyu: hivyo vipo, na ni chakula cha mjamzito. Mweleze aongeze tonge, si aongeze gharama. Ubuyu una vitamini C inayousaidia mwili kuchukua madini ya chuma, wakati chai ya rangi pamoja na chakula huyazuia, hivyo chai isogezwe mbali na mlo.

Vidonge vya kuongeza damu ndivyo vinavyoachwa sana. Vinatia kichefuchefu, choo kinakuwa cheusi, na wapo wanaosema vinamnenepesha mtoto hadi ashindwe kupita. Ameze usiku baada ya kula, mwambie kabla hajaona kwamba choo cheusi si ugonjwa, na mweleze bibi kwamba vidonge vinaongeza damu ya mama, ile atakayoihitaji siku ya kujifungua. Ukiona udongo wa kula kwenye pindo la khanga yake, usimcheke wala usimgombeze; mara nyingi hamu hiyo huenda pamoja na upungufu wa damu. Mpeleke akapimwe.

Hatua ya 5: Kikao cha safari

Kama utafanya hatua moja tu kwenye mwongozo huu, ifanye hii, na uifanye kabla mimba haijatimiza miezi saba. Waite waliomo nyumbani wote siku moja, jioni, mume akiwa amerudi na ng'ombe wako zizini. Mume hasikii vizuri kwa mwanamke mgeni. Nenda na mwenyekiti wa kitongoji au mwanaume mwingine anayeheshimika. Ukishindwa kuwakusanya, rudi. Mimi nimerudi nyumba moja mara nne.

Mambo ya kukubaliana ni haya, na kila moja lijibiwe kwa sauti na mwenye uwezo wa kulijibu.

Nani anatoa ruhusa ya kuondoka? Na asipokuwepo, nani? Hapa ndipo watu wanapokufa. Mama anaanza kutoka damu saa tano usiku, mume yuko mnadani Kibaigwa, simu haipatikani, na bibi anaogopa kubeba lawama. Mume aseme mbele ya wote: "Nisipokuwepo, mdogo wangu aamue. Naye asipokuwepo, mama asisubiri mtu." Hiyo sentensi ya mwisho itachukua muda. Usiondoke bila hiyo.

Fedha itatoka wapi? Wenye kibubu waweke kibubu. Wenye mifugo watenge mbuzi na wamuuze mnada wa mwezi wa saba au wa nane wa mimba, kwa bei ya mchana. Mbuzi anayeuzwa usiku wa uchungu huuzwa nusu bei kwa jirani. Familia moja walimpa mbuzi wao jina, Safari, na watoto walimchunga kwa uangalifu kuliko wengine wote.

Usafiri ni upi? Andika namba ya bodaboda wawili, si mmoja. Kisha wote waijue 115. Ni namba ya m-mama, mfumo wa rufaa ya dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Simu ni bure. Anayepokea hupanga gari la wagonjwa, na lisipopatikana hupanga dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye familia haimlipi. Usiishie kuitaja, mtoto wa shule aiandike kwa mkaa ukutani karibu na mlango, kwa tarakimu kubwa. Tembe yenye 115 ukutani imeshanisaidia kuliko mabango yote niliyopewa.

Kwa zile nyumba zenye duara jekundu, kubalianeni mama ahame kabla korongo halijajaa. Aende kwa ndugu aliye karibu na kituo, au chigonela, nyumba ya kusubiria kujifungua, kama kituo chenu kinayo. Atahitaji chakula na mtu wa kukaa naye, kwa hiyo amueni pia nani atabaki na watoto wake wengine. Mara nyingi huyo ndiye kizuizi chenyewe, wala si mila.

Mwisho, nani atachangia damu ikihitajika, na begi liko wapi: khanga au vitenge safi, mpira wa kutandika, pamba, sabuni, beseni, kofia na nguo za mtoto, kadi. Ulizeni kituoni vifaa gani vingine waje navyo, msingoje kuambiwa usiku huo.

Dalili za kuondoka hapo hapo, bila kikao kingine: kutoka damu, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, maji ya uzazi kutoka kabla ya uchungu, mtoto kupunguza au kuacha kucheza, uchungu uliodumu zaidi ya muda wa saa 12. Degedege ya mjamzito wengi watakwambia ni mapepo. Sema hivi: "Aombewe garini." Sijawahi kukataliwa.

Hatua ya 6: Mpe mkunga wa jadi kazi

Mkunga wa jadi yupo, na ana heshima ambayo wewe huna. Ukimtenga, atazalisha kwa siri, na mbaya zaidi ni ile dawa ya kuharakisha uchungu. Mizizi inayochemshwa inaweza kubana kizazi kwa nguvu kuliko mwili unavyostahimili, kizazi kikapasuka, mtoto akakosa hewa. Hilo halimo kwenye yale ya kuachwa.

Nilichofanya ni kumwendea na kumwomba awe msindikizaji. Anakaa na mzazi njiani, anamshika mgongo, anamwambia maneno anayoyajua yeye. Nilizungumza na muuguzi akubali aingie naye hadi mlango wa chumba cha uzazi. Bibi huyo alikuwa anapewa kuku na sabuni kwa kuzalisha; familia zimekubali kumpa vilevile kwa kusindikiza. Kama hujalimaliza suala la kuku na sabuni, hujamaliza chochote.

Hatua ya 7: Siku saba za mwanzo ndani ya nyumba

Wengi sasa wanajifungulia kituoni. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta ni asilimia 81, kutoka 63 za utafiti wa 2015/16, na vifo vya akina mama vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Lakini mama anaruhusiwa, anarudi, mlango unafungwa, na sisi tunapumua kana kwamba kazi imeisha. Nenda ndani ya saa 48, kisha kati ya siku ya 3 na 7, ya 8 na 28, na mara ya mwisho kabla ya siku ya 42.

Anza na damu. Utaambiwa, "Acha itoke, ni uchafu." Usibishane juu ya uchafu. Omba kuiona khanga. Damu ya kawaida hupungua siku hadi siku na hubadilika rangi. Kitambaa kizito kikilowa chote ndani ya saa moja, au mabonge makubwa yakitoka, au mama akisikia kizunguzungu, piga 115. Wakati mnasubiri: alale, afunikwe, akojoe, mtoto anyonye, na tumbo chini ya kitovu lisuguliwe hadi ligumu kama ngumi. Mwonyeshe bibi kwa mkono wake mwenyewe jinsi tumbo gumu linavyohisi, siku ambayo hakuna dharura.

Kumkanda mzazi kwa maji ya moto hakuachwi, na sioni sababu kuachwe. Ila maji yapimwe kwa kiwiko cha anayekanda, si kwa kiganja kilichozoea sufuria. Tumbo lisikandamizwe, na aliyefanyiwa upasuaji asikandwe tumboni kabisa. Asikalie mvuke wa maji yanayochemka; nimeona mama aliyeungua juu ya mshono. Supu, uji wa uwele, pilipili manga, vyote sawa.

Maziwa ya kwanza, ya njano, bado kuna nyumba yanakamuliwa na kumwagwa. Hapa nilisaidiwa na mzee mmoja mfugaji bila yeye kujua. Bibi alikuwa ameshakataa, mimi nimeshaishiwa maneno. Nikamgeukia mzee aliyekuwa anasuka kamba: "Babu, ndama asiponyonya dang'a, inakuwaje?" Dang'a ni maziwa ya kwanza ya ng'ombe. Akajibu bila kuinua uso, "Huyo hakui." Kimya. Akainua uso, akamtazama mkewe, akatazama mtoto. Mtoto alinyonya kabla sijaaga. Tangu siku hiyo naanzia zizini. Anyonye ndani ya saa moja ya kuzaliwa, na maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Akilia sana watasema ni mchango, yaani tumbo linamsokota, na watataka kumpa dawa ya mizizi au maji ya kutuliza. Kaa, tazama anavyonyonya, mara nyingi chuchu haijaingia vizuri.

Asiogeshwe saa 24 za kwanza. Juni na Julai usiku wetu una baridi kali, na tembe lenye upepo humpoza mtoto haraka: kofia kichwani, na akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, khanga juu. Kitovu kibaki kikavu, nje ya nepi. Majivu, mafuta, na hasa samadi ya ng'ombe huweza kuleta pepopunda. Mtoto asiyenyonya, anayepumua haraka kama aliyekimbia au kifua kinabonyea, mwenye moto au baridi isiyo ya kawaida, mwenye degedege, kitovu chekundu au chenye usaha, au umanjano hadi kwenye nyayo: kituoni siku hiyo hiyo.

Na siku arobaini? Mama hatoki, lakini kliniki inamtaka. Tulikubaliana na mabibi wa kitongoji changu kwamba anatoka akiwa amejifunika, akiwa na bibi, moja kwa moja hadi zahanati na kurudi, bila kuingia nyumba ya mtu. Wanaita "kutoka kwa dawa". Sikulibuni mimi jina hilo, ni wao.

Hatua ya 8: Mtoto wa kike na lawalawa

Hili linahitaji ukae kitako. Sheria ya 1998 ya makosa ya kujamiiana ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Katika mikoa yetu, Dodoma na Singida, zipo familia zilizojibu kwa kuushusha umri: zamani ilikuwa ni ngoma ya wasichana, leo anakatwa mchanga, ndani, kimya. Sababu inayotolewa ni lawalawa. Mtoto ana wekundu sehemu za siri, anawashwa, analia akikojoa, anaambiwa ana lawalawa na kwamba dawa yake ni kukatwa.

Angalia mahali penye mlango. Bibi anaposema mtoto ana lawalawa, mtoto huyo kweli anaumwa. Ana maambukizi ya njia ya mkojo au fangasi, na yanatibika zahanati. Ukianza na sheria, umemfungia mlango mtoto anayeumia. Mimi nasema: "Bibi, umeona vizuri, mtoto anateseka. Twende leo akapewe dawa, nami nitarudi uniambie kama haijapona." Kisha naenda nao, mguu kwa mguu, na narudi kweli baada ya siku chache. Lawalawa iliyopona kwa dawa inasimuliwa kisimani.

Kinga yake ianze ziara ya kwanza ya mtoto wa kike, kabla jina hilo halijatajwa: nepi iliyolowa ibadilishwe, asafishwe kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma, akaushwe, asipakwe chochote. Sema kwa upole lakini usimungunye: kukata ni kosa, kunatoa damu, kunaweza kumuua. Ukisikia maandalizi, hapo upole umekwisha. Afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, au 116, simu ya bure ya watoto. Usimwambie mtu yeyote kijijini kwamba ni wewe uliyepiga.

Vivyo hivyo utasikia, kadiri mtoto anavyokua, habari za meno ya plastiki, yaani kuchokoa fizi za mtoto kwa kudai ana meno mabaya, na kukata kimeo. Njia ni ile ile: ugonjwa upo, kwa kawaida ni homa, kuhara au kikohozi, na una dawa yake.

Hatua ya 9: Mtoto asiyeongezeka uzito

Mama akiacha kuleta mtoto kwenye mizani, usidhani ni uvivu. Kuna neno linamtisha: kubemenda. Mtoto akidhoofu, watu watasema wazazi wamelala pamoja kabla ya wakati, na aibu inamwangukia mama. Kwa hiyo anamficha mtoto, na utapiamlo au kifua kikuu kinaendelea gizani.

Mpime nyumbani kwake, ndani, na usitamke neno hilo wewe. Kisha kumbuka kwamba ndani ya imani hiyo kuna jambo ambalo wizara nayo inalitaka: mtoto akue kwanza kabla mwingine hajaja. Nikizungumza uzazi wa mpango kwa kuanzia hapo, kwamba tunataka huyu atembee na apate angalau miaka miwili kabla ya mimba nyingine, mama mkwe ndiye anayenisaidia kumshawishi mwanawe.

Mtazame mama pia. Halali hata mtoto akilala, hali chakula, hamtazami mtoto usoni, anasema wangekuwa salama bila yeye. Hiyo ni sonona baada ya kujifungua, si uvivu wala kuchezewa. Asiachwe peke yake, na mpeleke kituoni. Wakitaka pia kumwita mchungaji au shehe, sawa, ila dawa isisubiri.

Hatua ya 10: Nyumba iliyorudi bila mtoto

Wengi wetu hatuendi. Tunasema tutawapa nafasi, kisha ratiba inapita na ukurasa unafutwa kwa mstari mmoja. Nenda, siku zile zile ambazo ungeenda mtoto angekuwa hai, kwa sababu mwili wa mama haujui: atatoka damu, anaweza kupata homa, na siku ya tatu au ya nne maziwa yatajaa na kulowesha nguo mbele ya watu waliokuja kumpa pole. Hakuna aliyemwandaa kwa hilo. Mpe khanga aifunge kifuani, ishike bila kubana sana, kitambaa cha maji baridi, akamue kidogo tu pale yanapouma. Titi likiwa jekundu na homa ikapanda, zahanati.

Usimwambie atapata mwingine. Muulize kama alimpa jina. Wengine hawakuruhusiwa hata kumwona. Kaa na bibi kama ulivyokaa siku ya kwanza, msaidie kuchambua mlenda. Daftari liache nyumbani, utaandika jioni.